Picha ya Kwenye Ngazi za Wafalme

Dadangu,

Sitakuuliza hujambo, kwa sababu ukinijibu hujambo sitajua niamini au nisiamini. Hapo ndipo tulipofika, wewe na mimi. Nimekaa mezani katika chumba changu hapa Sparkhill, Birmingham, mabasi ya Stratford Road yanapita chini ya dirisha, naandika barua ambayo si wewe peke yako utakayeisoma. Najua hupendi mambo ya nyumbani yaanikwe. Lakini picha uliyonipiga Madrid ilianikwa kabla ya barua hii. Ilipita mikononi mwa watu wa matanga, kutoka jikoni kwa akina mama hadi barazani kwa wazee, na kila aliyeiona alisema lake. Kazini kwetu, kosa lililochapishwa mbele ya watu halisahihishwi kwa kunong'onezana. Husahihishwa mbele ya watu wale wale.

Tulikwenda Madrid kwa ajili ya sahani. Wewe huna haja ya kukumbushwa, ila wengine hawaijui. Ni sahani ya kaure iliyokuwa kwenye kidaka cha ukuta wa ukumbini nyumbani kwetu Mombasa, imechorwa kasri lenye madirisha mengi na vijitu vidogo vimesimama mlangoni. Mama alitunzwa sahani hiyo siku ya arusi yake. Hakuna aliyejua kasri lile ni la wapi. Siku ulipomuuliza, alikujibu kutoka jikoni bila kugeuka, "La mfalme wa Uhispania," na tangu hapo likawa lake. Mimi na wewe tukagawana vyumba. Ulichukua upande wote wa kulia, ukaniachia dirisha moja la pembeni, ukasema hilo ni la mlinzi.

Na unamkumbuka yule bibi tajiri aliyekuja kututembelea siku ya Idi. Kwetu, mgeni akikisifu kitu mara moja ni adabu. Akirudia na kurudia, anakitaka, na mwenye nyumba muungwana hukishusha akampa. Yule bibi aliisifu sahani tangu halua mpaka kahawa. Mwisho Mama akamtazama, akaweka mkono kifuani. "Wallahi ningekupa, shoga yangu. Lakini nikikupa sahani, mfalme atalala wapi?" Baba, ambaye hakuwa akicheka mbele ya wageni, aliondoka ukumbini akaenda kuchekea uani. Tulimsikia wote, na yule bibi pia.

Kwa hiyo ulipopata likizo kwenye ile nyumba ya wazee ulikokuwa ukifanya kazi, ukaniambia, "Twende tukaone vyumba vyetu," sikuhitaji kubembelezwa. Tulifika Madrid jioni, nikampigia Mama. Alikuwa na kikohozi lakini sauti ilikuwa yake ile ile.

"Mmeshaliona?"

"Kesho, Mama."

"Mkiingia mnionyeshe kwa simu. Na muangalie kama wanafagia."

Nilimuahidi. Ulikuwa umekaa kando yangu kitandani, ukavuta simu ukamwambia, "Mama, huyu chumba chake ni cha mlinzi, usimuamini." Alicheka hadi akakohoa. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kumsikia.

Asubuhi ulishuka kwenye staftahi na macho mekundu. Jana yake ulikuwa na mtandio wa rangi ya chungwa. Siku ile ulivaa mweusi. Hukugusa chakula.

"Macho yana nini?"

"Mzio. Miti ya mji huu inaniwasha."

"Na mbona huli?"

"Nimefunga."

"Leo Jumanne, dada. Na uko safarini."

"Nalipa kadha ya Ramadhani. Sasa utaniuliza ya siku gani?"

Hakuna mwanamume wa kwetu anayemuuliza dadake habari za kadha, na ulilijua hilo uliposema. Nimewahoji mawaziri, nimewahoji majambazi waliokuwa wakisubiri hukumu, na sijawahi kufungiwa mlango kwa ustadi kama ule. Mtandio, macho, chakula: niliyaona yote. Ungekuwa mtu mwingine, ningekaa nawe mpaka useme. Lakini sikuwa kazini. Nilikuwa na dadangu.

Kabla hatujatoka uliniwekea kiganja mbele. "Leta simu."

"Ya nini?"

"Siku moja tu usiwe mwandishi wa habari. Umekuja kutembea au umekuja kusoma ujumbe wa mhariri?"

Nikakupa. Ukaizima mbele yangu, ukaitia mkobani, ukafunga zipu. Nikaona ni mapenzi.

Lile kasri ni jeupe na kubwa kuliko sahani ilivyotufundisha. Ukishaingia unakutana na ngazi pana za mawe, zina simba waliochongwa, na juu dari imejaa watu wanaoruka mawinguni. Uliniambia nisimame kati, wewe ukarudi nyuma na simu yako.

"Cheka."

"Nicheke nini sasa?"

"Cheka bwana, mbona umesimama kama umekuja kukamatwa?"

"Mimi sichekeshwi kwa amri."

Ukashusha simu. Ukanitazama kidogo, halafu ukasema, kwa sauti ya Mama kabisa, mkono kifuani, "Nikikupa sahani, mfalme atalala wapi?"

Nikacheka. Mdomo wazi, kichwa nyuma, meno yote nje, mpaka mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipanda akacheka nami bila kujua sababu. Hapo ndipo ulipopiga. Dada, nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko picha yoyote niliyowahi kuichapisha. Huwezi kuona ndani yake kwamba kicheko kile ni cha Mama. Huwezi kuona kwamba aliyeshika kamera anajua kwamba Mama amefariki alfajiri, na kwamba saa hiyo wanawake wa mtaani wanaukosha mwili wake.

Tulizunguka. Kuna chumba ambacho kuta zake zimefunikwa kaure tupu, nyeupe na kijani, watoto na matunda na mizabibu. Nikasimama pale nikasema, "Nipe simu nimpigie Mama. Hiki lazima akione."

"Humu hawaruhusu."

"Basi tutoke nje mara moja."

"Kule mtandao haushiki leo. Nimeshajaribu. Tutampigia jioni."

Simu yako ikatikisika mkononi. Ulikwenda ukasimama dirishani, ukanipa mgongo, ukazungumza kwa sauti ya chini, mkono umeshika pazia la watu. Uliporudi ulisema ni kazini, wanataka ubadilishane zamu na mtu. Nikakuambia uwakatalie, uko likizo. Ukasema, "Nimeshamaliza nao."

Kisha tukaingia chumba cha kiti cha enzi. Viti viwili vyekundu, na simba wa dhahabu wamekanyaga tufe. Nikakuinamia sikioni nikasema, "Kweli wanafagia." Uliondoka haraka, ukaniambia unatafuta maliwato. Nilikungoja hapo nikiwatazama simba. Baadaye, nilipolinganisha saa, nilijua kwamba muda ule Mombasa walikuwa wameshaswali alasiri na jeneza lilikuwa njiani.

Jioni uliniambia nimwache Mama apumzike na kikohozi chake. Kesho yake, uwanja wa ndege, ulinirudishia simu ukisema chaji imekwisha. Nilikuamini tena. Watu hunisifu kwa jambo moja tu, kwamba sibabaiki na sidanganyiki. Sijui wangesema nini wangeniona ndani ya ndege ile, nimekaa kando yako napanga jinsi ya kumsimulia Mama kile chumba cha kaure.

Tulishuka kwenye teksi mbele ya nyumba yako hapa Birmingham. Muuza nyama wa kona, ambaye hajawahi kuniona asinitupie mzaha, aliingia ndani ya duka lake. Nikatazama mlango wako. Viatu. Makubazi ya wazee, viatu vya wanawake, raba za vijana, vimejaa kizingitini mpaka kwenye njia ya majirani. Dada, nimeingia nyumba nyingi za matanga na daftari langu mfukoni. Najua viatu vile vinasema nini kabla mtu hajafungua mdomo. Sikuhitaji kuambiwa kuna msiba. Nilihitaji jina.

"Nani?" nikakuuliza.

"Ingia kwanza, ukae."

"Nani, dada?"

Aliyejibu alikuwa Mama Neema, jirani yako muuguzi, ametoka na chupa ya chai mkononi, hakujua kama tumefika. Alinitazama mimi, akakutazama wewe, akaelewa. "Woi, hamjamwambia?" alisema. Kisha akaiweka chupa chini, akanishika mikono yote miwili. "Ni mama, ndugu yangu. Mama amepumzika. Pole sana. Pole kabisa."

Mama Neema si wa dini yetu, si wa pwani, wala si wa damu yetu. Ndiye aliyeniambia mamangu amekufa. Sitamsahau kwa hilo, na sitaacha kuona uchungu kwamba alikuwa yeye.

Tulipobaki peke yetu jikoni kwako, watu wanasoma Kurani sebuleni, uliniuliza, "Ungefika mazikoni?"

"Nisingefika."

"Basi?"

"Sikutaka kufika. Nilitaka kujua."

Ukakaa kwenye kiti, ukavua mtandio. "Nilitaka uwe na mama siku moja zaidi," ulisema.

Nimeitafakari sentensi hiyo. Ni nzuri, na nina hakika uliisema kwa dhati. Lakini si kweli. Siku ile sikuwa na mama. Nilikuwa na wewe, ukizungumza kwa sauti yake.

Ungekuwa mtu mwingine ningesema ni desturi. Najua desturi yetu. Aliye mbali haambiwi kwa simu. Huambiwa mgonjwa amezidiwa, huambiwa njoo, huambiwa kaa, ule kwanza. Kila mtu wa kwetu hapa Birmingham ana kisa chake. Lakini mimi na wewe tulishatoka kwenye desturi hiyo, na aliyetutoa ni wewe.

Wakati wa mtihani wako wa kidato cha nne, shuleni Nairobi, Bibi alifariki. Wazee wakakaa, wakaamua usiambiwe mpaka umalize. Ukaandika mitihani yote, ukarudi nyumbani na zawadi ya Bibi sandukuni. Tulikuja kukupokea kituo cha basi mimi na mjomba, na mjomba aliagizwa asiseme kitu mpaka ufike, uoge, ule. Mimi nilikuwa na suruali fupi. Uliniuliza, "Bibi ameniwekea nini?" Nikakwambia, "Bibi amekufa. Tumeshamzika. Hawakutaka ujue." Mjomba alinichapa kofi la kisogo. Wewe ulikaa juu ya sanduku lako, pale pale kituoni, watu wanapita.

Jioni ya siku ile uliniita ukumbini, chini ya sahani. Ulikuwa umelia ukamaliza. Ukasema, "Wote wamenifanya mtoto. Wewe peke yako umenifanya mtu." Kisha ukanishika mkono, ukaniapisha. Atakayesikia kwanza, atamwambia mwenzake, popote alipo, hata kama yuko arusini. "Kuanzia leo," ulisema, "wewe ndiye mwandishi wangu wa habari." Watu wakiniuliza niliingiaje kazi hii, huwa nawatajia chuo. Jibu la kweli ni lile.

Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi na ina sheria moja ambayo hata wahariri wabaya wanaiheshimu. Jina la marehemu halitangazwi mpaka jamaa zake waambiwe. Niliwahi kukaa ndani ya gari mtaa wa Washwood Heath mchana kutwa, nina habari ya ajali ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, nikimngoja mke wa marehemu atoke zamu ya ghalani ili aambiwe na nduguze kabla hajaisikia redioni. Mhariri alinipigia mara kwa mara akinitukana. Sikuituma. Habari ya kifo ina mwenyewe, nilimwambia. Ikishampita mwenyewe ikamfikia mtu wa kando, huwezi tena kuirudisha.

Nilidhani hayo ndiyo yote uliyonifanyia, na baada ya miezi ningekuja nikasamehe. Nilikuwa karibu. Kisha binamu yetu Rashidi akaja Birmingham kumtembelea mwanawe, akanialika chakula, na akanieleza maziko kama anavyosimuliwa mtu ambaye hakuwapo. Hakujua kwamba sijui.

Alisema jeneza lilikuwa tayari, wabebaji wamesimama, imamu anangoja. Baba akasimama mlangoni na fimbo yake. Akasema, "Haendi. Mwanangu ameambiwa?" Watu wakatazamana. Wakamwambia muda unakwenda. Baba akasema, "Huyu alizaa watoto wawili. Mmoja akiwa hajui, jeneza halivuki kizingiti hiki." Mzee ambaye hajawahi kukanyaga chumba cha habari aliijua sheria ile, akaisimamia mbele ya mtaa mzima.

Rashidi akakupigia. Ile simu ya dirishani, pazia mkononi. Alimpa Baba asikilize, na wewe ukamwambia babako, "Ameambiwa, Baba. Amepokea kwa subira. Anamuombea."

Baba akakaa kando. Jeneza likatoka.

Kwetu, kabla ya kuzika, mwana wa kiume husimama mbele ya watu akaomba kwa niaba ya mamake: aliyekosewa naye amsamehe. Angeniwekea Rashidi simu kwenye kipaza sauti, ningesimama hata kwenye ua wa lile kasri nikaomba. Aliomba Rashidi. Alisema aliomba vizuri, na mimi naamini. Nimekuwa nikiwasemea watu nisiowajua tangu nilipoanza kazi. Mamangu alisemewa na mpwa wake.

Jioni, watu wametoka makaburini, mke wa Rashidi akapokea picha kutoka kwako. Uliituma ili akina mama waache kuulizana kama nimezimia. Uliandika, "Yuko salama." Akaionyesha jikoni. Jikoni wakaipeleka barazani. Mtoto fulani akampa Baba, na Baba akavaa miwani.

Rashidi alisema Baba aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza tu, "Hii ni ya leo?" Wakamwambia ya leo.

Nilipompigia kutoka nyumbani kwako, viatu bado viko mlangoni, nikiwa nalia, alinijibu, "Umemaliza kutembea?" Nikadhani ni majonzi. Kwa mwezi mzima nilidhani ni majonzi.

Baada ya Rashidi kuniambia, nilimpigia Baba nikamweleza kila kitu, kwa mpangilio, kama nilivyokuandikia hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dadako alinipa neno lake, jeneza liko mabegani. Nikikuamini wewe, basi nimemtoa mamako nyumbani kwa uongo. Usinitake niamini hilo kwa kuambiwa na wewe." Kila siku nakutana na watu wanaokataa ukweli kwa sababu ya bei yake, na sijapata kuona bei ya haki kama ile.

Wewe ulikuwa umesharudi Mombasa kumtunza. Nilikuandikia umwambie. Ulijibu, "Ataumia bure, mzee wa watu. Yaache." Hukukana. Ulisema niache, basi, na tangu hapo hatujazungumza ila kwa salamu za kupitia kwa mwanao Salma.

Jumamosi iliyopita Salma alinigongea mlango. Mwanao amekuwa mrefu kukupita. Alikuwa amevaa koti na amebeba chupa ya maji.

"Anko, vaa viatu. Tunaenda London."

"Kufanya nini?"

"Kuona palace. Mum said umejifungia sana. Nimeshakata tiketi za treni."

Nilishika ukuta. "Nani amekufa?" nikamuuliza.

"What? Hakuna mtu amekufa!"

"Salma, niangalie. Nani amekufa?"

"Anko, I swear. Wallahi. Hakuna. It's just a day out." Alikuwa karibu kulia. Hana kosa, na nilimuomba radhi. Lakini wakati huo huo nilikuwa nimeshakupigia simu. Ulipokea ukiwa na furaha, ukidhani nimekupigia kushukuru.

"Nipe Baba," nikakwambia.

"Yuko barazani, anakunywa uji. Hujambo wewe kwanza?"

"Nipe Baba nimsikie."

Nadhani ulielewa kwa nini nauliza, kwa sababu hukuniuliza kitu tena. Nilisikia kandambili zako kwenye sakafu, nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Nani huyo?" Baba akasema.

"Ni mimi, Baba."

"Wewe Rashidi?"

"Mimi mwanao, Baba. Wa Uingereza."

"Ahaa." Akakohoa. "Mbona unanisikiliza kama daktari? Niko hai. Uji hauna sukari lakini niko hai." Nikacheka, yeye pia akacheka kidogo, na kwa muda mfupi nilikuwa na babangu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, bila ugomvi, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Na wewe bado unatembea makasri?"

Ulikuwa umesimama karibu yake wakati anasema hivyo. Ulimsikia.

Sikwenda London. Salma alikwenda na rafiki yake. Mimi nilikaa, nikaanza kuandika.

Rashidi ananiambia Baba anasahau. Anasahau kama ameswali, anasahau majina ya wajukuu, na juma lililopita alitoka kwenda kwenye duka ambalo limebomolewa zamani. Wewe unayaona hayo kila siku, kuliko sisi. Anasahau mengi, lakini picha ile bado anayo. Itafika siku utakayotaka kumwambia, naye hatakuwa na mahali pa kuliweka neno lako. Hapo nitakuwa nimebaki kwenye kichwa cha babangu nikiwa mtu aliyeambiwa mamake amekufa, akapanda ngazi za wafalme akacheka.

Sikuandikii ili nikusamehe, wala ili nikuhukumu. Kazini kwetu masahihisho hutolewa na aliyekosea, kwa kinywa chake, mahali pale pale alipokosea. Mimi nikiyatoa ni porojo. Ukiyatoa wewe ni ukweli. Ataumia, na mimi naujua uzito wake: utamwambia kwamba jeneza lilivuka kizingiti kabla ya wakati. Mwambie pia kwamba yeye alifanya sawa. Katika watu wote wa siku ile, ni yeye peke yake aliyesimamisha mambo ili mimi nihesabiwe mtu.

Mengine sina haja nayo. Sahani ni yako, upande wa kulia na wa kushoto. Sikudai uje huku, sikudai maelezo. Na likitokea lolote, kwako au kwa Salma, na mimi ndiye niliyesikia kwanza, nitakupigia saa hiyo hiyo, popote utakapokuwa. Kiapo cha ukumbini sijakivunja.

Asubuhi, akishakunywa uji, kabla jua halijamchosha, kaa naye barazani. Mpe miwani yake. Mshikie ile picha aione vizuri. Halafu mwambie kwamba mtu yule anayecheka kwenye ngazi, wakati ule unampiga picha, kwa alivyojua yeye, alikuwa bado ana mama.

Mdogo wako,
mwandishi wako wa habari